Probayotiki ya Unga kwa Kuku wa Nyama: Tathmini Baada ya Bachi Tatu Hapa Tanga

Pakiti ninayoitathmini hapa ni ya probayotiki, yaani bakteria hai wazuri wanaopewa kuku kwa faida ya utumbo wake; ina uzito wa gramu 250, na niliinunua kwa shilingi 15,000 katika duka la pembejeo za mifugo lililopo Ngamiani, mjini Tanga. Ndani yake mna unga wa rangi ya krimu, laini kama unga wa muhogo, wenye harufu hafifu inayokaribia ile ya hamira. Kibandiko chake kinaeleza kwamba kila gramu ina bakteria hai bilioni 3 wa aina mbili, Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, waliochanganywa na chokaa ili wapimike kwa urahisi. Jina la chapa sitalitaja, kwa kuwa madukani zipo chapa kadhaa zenye mchanganyiko unaofanana na huu, na mfugaji atanufaika zaidi akijua cha kutafuta kwenye kibandiko kuliko akikariri jina. Nimeutumia unga huu kwa bachi mbili, yaani makundi mawili ya vifaranga walioingia pamoja, za kuku wa nyama katika banda langu la Pongwe. Kabla yake nilitumia probayotiki ya aina nyingine, ya kuyeyusha kwenye maji, kwa bachi moja nzima, na haikunipa chochote. Ni lazima nianze na hiyo iliyoshindwa, kwa sababu kushindwa kwake ndiko kulikonifundisha namna ya kununua hii ya pili.

Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na joto likiwa limepita nyuzi 30 tangu saa nne asubuhi. Niliingia katika duka jingine la dawa za mifugo kutafuta vitamini za vifaranga, na muuzaji akanishauri nichukue probayotiki. "Mama, hii ukiwapa, huhangaiki tena," aliniambia. "Kuhara hakuna, mdondo hausogei, na kuku wanakua haraka." Vipakiti vilikuwa vimepangwa kwenye kabati la kioo linaloelekea mlangoni, na jua la asubuhi lilikuwa likivipiga moja kwa moja. Nilinunua vipakiti vinne bila kusoma maandishi ya nyuma. Jioni, nilipovisoma nyumbani kwa miwani, niliona kwamba vilikuwa na Lactobacillus acidophilus, Enterococcus faecium na hamira iitwayo Saccharomyces cerevisiae, na kwamba vilitakiwa kuhifadhiwa mahali pakavu, penye joto lisilozidi nyuzi 25. Sijui vilikaa kwenye kioo kile kwa siku ngapi, lakini kimoja kilikuwa na madonge magumu ndani, dalili kwamba unyevu wa pwani ulishapenya.

Nami niliongeza makosa yangu juu ya yale ya duka. Niliuyeyusha unga ule katika maji ya bomba, yakiwa yametoka bombani muda huohuo. Maji ya mji wa Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, yakasafishwa na kutiwa klorini kabla ya kutufikia, na klorini imewekwa mle kwa kazi moja tu ya kuua vijidudu, nayo haiwezi kutofautisha kijidudu kibaya na kizuri. Zaidi ya hapo, katika siku tatu zilezile za mwanzo niliwapa vifaranga antibayotiki ya maji, kama wafugaji wengi tulivyozoea, kwa kuamini kwamba inawapa nguvu ya kusahau safari. Kwa maneno mengine, niliwanunua bakteria kwa fedha yangu, nikawatia katika maji yenye klorini, kisha nikawafuatishia dawa ya kuwaua. Katika vifaranga 300 walikufa 17 hadi wiki ya tano, idadi isiyotofautiana na ile niliyoizoea kabla sijajua neno probayotiki.

Jambo linaloniuma ni kwamba wafugaji wengi tunalijua hili la klorini tayari, ila hatulihamishi. Siku ya chanjo ya kunywesha hakuna anayechota maji ya bomba moja kwa moja. Tunatumia maji ya kisima au ya mvua, au tunatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye maji ili klorini isiiharibu chanjo. Kesho yake, mtu yuleyule anayeyusha bakteria hai kwenye maji ya bomba na kushangaa kwa nini hayaonekani mabadiliko.

Baada ya bachi ile nilimwendea mtaalamu wa mifugo anayenihudumia, naye akanieleza jambo ambalo liliubadilisha mtazamo wangu wote. Kifaranga wa kienyeji huanguliwa chini ya mama yake, na tangu saa za kwanza anadonoa pale mama anapodonoa, anakanyaga kinyesi cha mama na kuokota chakula kilichochanganyika nacho. Tunaona uchafu, lakini ndiyo njia anayopokea bakteria wa tumboni kutoka kwa kuku mzima mwenye afya. Kifaranga wa mashine hana mama wa kumpokeza. Anatoka katika trei iliyosafishwa kwa dawa, anaingia kwenye boksi, anasafiri usiku kucha kwa basi, na utumbo wake unafika bandani ukiwa karibu mtupu, kama kiwanja kisichojengwa. Anayewahi ndiye anayejenga. Akiwahi Salmonella au E. coli wa aina mbaya kutoka kwenye kinywesheo kichafu, huyo ndiye atakayekuwa mwenyeji. Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha jambo hili waziwazi kwa kuwapa vifaranga waliotoka kuanguliwa yaliyomo tumboni mwa kuku wazima, na vifaranga hao wakawa wagumu kuambukizwa Salmonella kuliko wenzao. Bidhaa nyingi za probayotiki za kuku tunazoziona leo zina mizizi katika wazo hilo la kuwawahisha wema kabla ya wabaya.

Bakteria hao wakishafika, wanafanya kazi kwa njia kadhaa kwa pamoja. Wanashika nafasi kwenye kuta za utumbo na kula chakula ambacho wabaya wangekila. Baadhi yao hutoa asidi inayoyafanya mazingira ya utumbo yasiwapendeze wabaya, na wale wa jamii ya Bacillus hutoa pia vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja chakula. Hawatibu ugonjwa uliokwisha kuingia, na ndiyo sababu siku za mwanzo ni za thamani kuliko zote zinazofuata.

Sasa, kwa nini unga wa Bacillus ukafaa hapa kwetu pale ambapo ule wa Lactobacillus haukufaa? Jibu lipo katika tabia ya viumbe wenyewe. Bacillus ni bakteria wa udongoni, na mazingira yakimbana hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akalala humo kama mbegu kavu ya mchicha inayongoja mvua. Akiwa katika hali hiyo anastahimili joto la stoo ya bati, ukavu, na asidi kali inayomngoja katika tumbo na firigisi ya kuku, kisha anaamka akifika kwenye utumbo. Ni kwa ustahimilivu huo viwanda vya chakula cha mifugo humchagua yeye kwa chakula cha punje, ambacho wakati wa kutengenezwa hupita katika mvuke wenye joto la nyuzi 80 na kuendelea. Lactobacillus hana ganda hilo. Ni bakteria mwema na mwenye sifa nyingi, lakini anahitaji ubaridi kutoka kiwandani hadi bandani, na mimi binafsi sijaona duka la pembejeo mjini kwetu linalomhifadhi kwa uangalifu huo. Kwa mfugaji wa Tanga, Muheza au Pangani, ambaye pakiti yake itakaa wiki tatu katika chumba chenye joto, hili si jambo dogo la kitaalamu la kurukwa. Ndilo linaloamua kama umenunua uhai au umenunua chokaa.

Bacillus naye ana upungufu wake. Hafanyi makazi ya kudumu katika utumbo wa kuku, bali anapita, anafanya kazi na kutoka na kinyesi, kwa hiyo ni lazima aingizwe kila siku pamoja na chakula. Ukiacha siku nne, umeacha kweli.

Maelekezo ya pakiti yanataka gramu 500 kwa tani moja ya chakula, ambazo kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 25. Nilipiga hesabu ili nijue ninachowapa: gramu 25 zenye bakteria bilioni 3 kila moja ni bilioni 75, na zikienea sawasawa katika gramu 50,000 za chakula, kila gramu anayodonoa kuku inapata milioni 1.5. Tatizo liko kwenye neno "sawasawa". Gramu 25 ni kiasi kinachojaa vijiko vichache tu vya chai, na ukikimwaga juu ya mfuko mzima na kugeuza kwa koleo, kuku mmoja atakula fungu la kuku kumi na mwenzake hatapata kitu. Nilichojifunza ni kuuchanganya unga huo kwanza na kilo moja ya starter, yaani chakula cha kuanzia vifaranga, ndani ya beseni, kwa mkono mkavu, hadi rangi ya krimu isionekane tena. Kisha kilo hiyo inachanganywa na kilo nyingine tano juu ya turubai, na hizo ndizo zinazomwagwa katika chakula kilichobaki na kugeuzwa kwa koleo mara nne au tano kutoka pande zote. Kazi hiyo inachukua kama nusu saa kwa mfuko. Ni kazi ya kuchosha, lakini asiyekuwa tayari kuifanya nisingemshauri atoe fedha yake.

Kwa bachi ya pili niliamua kupima kwa haki, si kwa kukisia. Niligawa banda kwa wavu katikati, nikaweka vifaranga 150 upande wa kulia na 150 upande wa kushoto, wote wa siku moja, wa kiwanda kimoja, wenye chakula kilekile, maranda yaleyale na jiko la mkaa moja kila upande. Upande wa kulia ulipata probayotiki kuanzia chakula cha kwanza kabisa; wa kushoto haukupata. Antibayotiki ya mazoea niliiacha kwa pande zote mbili, na ninakiri kwamba usiku wa pili sikulala vizuri kwa hofu.

Tofauti ya kwanza niliiona siku ya tano, na niliiona kwa kuinama. Upande wa kushoto kulikuwa na vifaranga tisa ambao kinyesi kilikuwa kimegandia kwenye manyoya ya nyuma hadi kuziba njia, hali ambayo kila mfugaji anaijua, kwa sababu inambidi akae na kitambaa cha maji ya uvuguvugu akiwasafisha mmojammoja huku wakilia. Upande wa kulia niliwakuta wawili. Kinyesi chao kwenye maranda kilikuwa kigumu kiasi, chenye kofia nyeupe juu, wakati kule kushoto vilikuwepo vidimbwi vyenye ute na povu. Mpaka siku ya 35 walikuwa wamekufa 5 upande wa kulia na 11 upande wa kushoto. Nilipima kuku 20 wa kila upande, niliowakamata bila kuchagua, na wastani ulikuwa kilo 1.71 kwa waliopata na kilo 1.63 kwa wasiopata. Banda moja si utafiti, na ninajua kwamba wavu wa katikati hauzuii kila kitu, kwa hiyo nisingependa mtu achukue namba zangu kama ahadi. Ninazitoa kwa sababu ndizo nilizozipata, na kwa sababu hazifanani na zile za ajabu zinazosimuliwa madukani.

Bachi ya tatu iliingia masika, mwezi wa Aprili, nami niliwapa wote. Mvua za Tanga zinapokaza, maranda hayakauki, na harufu ya amonia huanza kuchoma macho wiki ya tatu. Safari hii harufu ilikuwepo lakini ilichelewa, na nilibadilisha maranda mara moja badala ya mara mbili. Siwezi kuipa probayotiki sifa yote, kwa kuwa nilikuwa pia nimeinua vinywesheo ili visimwage maji. Katika wiki ya nne kuku walianza kukoroma, na mtaalamu akaandika antibayotiki ya siku tano. Nilisimamisha probayotiki siku hizo zote, nikairudisha mara dawa ilipokwisha, ili utumbo uliofagiwa na dawa upate tena wakazi wema kabla wabaya hawajarudi. Kisha nililazimika kusubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza, huku kuku wakiendelea kula. Hapo ndipo nilipouthamini unga huu kwa upande mwingine: wenyewe hauna muda wa kusubiri, na haumwachii mlaji mabaki ya dawa katika nyama. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na huko probayotiki zilipata nafasi kubwa kwa sababu hiyo. Sisi tunaouzia mama lishe na hoteli za Chumbageni na Raskazone tunawalisha watu wetu wenyewe, na watoto wetu wamo miongoni mwao. Antibayotiki tunayomwagia vifaranga wazima kila bachi, bila ugonjwa, ndiyo inayowafundisha bakteria usugu, na siku mtoto atakapoihitaji hospitalini itakuwa imeshazoeleka. Hili ninalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya kwa miaka.

Kuna uongo mmoja ambao nauomba ukome. Probayotiki haizuii mdondo. Mdondo, ambao wengine tunauita kideri, ni ugonjwa wa virusi, na kinga yake ni chanjo, kama ilivyo kwa Gumboro na ndui. Jirani yangu aliyaamini maneno kama yale niliyoambiwa mimi dukani, akaacha chanjo ya bachi nzima kwa kuwa alikuwa akitoa "dawa ya bakteria wazuri", na katika siku sita nilimsaidia kuchimba mashimo mawili nyuma ya banda lake. Alisimama pale akiwa na kipakiti mkononi, akiniuliza, "Dada, si waliniambia hii inatosha?" Mimi nilifuata ratiba niliyopewa, siku ya 7 mdondo, siku ya 14 Gumboro na siku ya 21 kurudia mdondo, sawa na nilivyokuwa nikifanya kabla ya kuijua bidhaa hii, na sikupunguza hata tone. Kuhara damu nako ni habari nyingine: husababishwa na vimelea vya koksidia na hutibiwa kwa dawa yake, na kinga yake kubwa ni maranda makavu.

Wapo wanaouliza kama mtindi hautoshi, hasa hapa Tanga ambapo maziwa hayajawahi kuwa ya kutafuta kwa tochi. Mtindi una bakteria hai kweli, na kijiko kimoja katika pumba hakijaua kuku wa mtu. Hata hivyo bakteria wake wamechaguliwa kwa kazi ya kugandisha maziwa, idadi yao haijulikani, na kuku hana uwezo mzuri wa kumeng'enya sukari ya maziwa, hivyo ukizidisha unamharisha. Vinywesheo navyo huota utelezi ndani ya saa chache kwa joto letu. Kwa kuku kumi wa kienyeji uani ninauelewa; kwa vifaranga 300 siushauri. Kuhusu kuku wa mayai, nina 80 tu, na katika miezi miwili sikuona tofauti ya kutosha kuiandika.

Kwa upande wa gharama, pakiti ya shilingi 15,000 inatosha mifuko kumi ya chakula, yaani shilingi 1,500 kwa mfuko ambao mimi niliununua kwa shilingi 80,000. Kuku 300 walikula mifuko 17 hivi kwa bachi, na hiyo ni shilingi 25,500. Ninauza kuku mmoja kwa shilingi 7,500, kwa hiyo wakipona wanne ambao wangekufa, fedha imerudi na chenji. Kwa anayebana matumizi, ningesema atoe katika wiki mbili za kwanza, ambapo chakula ni kidogo na faida ni kubwa, kuliko kuanza wiki ya nne.

Lawama zangu kwa bidhaa yenyewe ni tatu. Pakiti haina kifungio cha kurudishia, ilhali ikifunguliwa tu inaanza kuvuta unyevu. Haina kijiko cha kupimia, na wafugaji wengi hawana mizani ya gramu. Mimi niliazima ya muuza viungo pale Mgandini, nikapima gramu 25 na kutia alama kwa wino kwenye kikombe kidogo cha plastiki. La tatu ndilo baya zaidi: maelekezo yote yameandikwa kwa lugha za kigeni, hakuna hata mstari wa Kiswahili, katika bidhaa inayouzwa kwa watu wanaofuga kwa Kiswahili. Kwa wenye duka, ombi langu ni moja tu, waziondoe pakiti kwenye kioo chenye jua na waache tarehe ya mwisho wa matumizi ionekane. Mnunuzi naye aitafute tarehe hiyo, jina kamili la bakteria na idadi yao kwa gramu, na kimojawapo kikikosekana aiache pakiti pale ilipo.

Bachi ya nne inaingia Alhamisi. Nimeshanunua pakiti mbili, nikazifunga ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na kikombe changu chenye alama, na kijana anayenisaidia bandani nimemwandikia kwenye kadi niliyoigongomea ukutani, kwa herufi kubwa: "Kikombe kimoja kwa mfuko mmoja. Anza na beseni. Mkono uwe mkavu."